Samaki wamekufa usiku mmoja: ni sumu, au ziwa limegeuka?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wawili huku Sengerema, tunafuga sato kwenye vizimba vinne. Mwishoni mwa mwezi wa tano upepo ulivuma siku mbili mfululizo ukitokea nchi kavu kwenda ziwani. Siku ya tatu alfajiri tulikuta samaki wanaelea. Wakubwa waliokaribia kuvunwa ndio waliokufa zaidi, vifaranga wengi walipona. Maji yalikuwa ya baridi kuliko kawaida na yananuka kama mayai viza. Jirani mwenye vizimba upande wa pili wa rasi hakupoteza hata mmoja, kwa hiyo watu wanasema katuwekea sumu. Afisa mmoja katuambia "ziwa limegeuka". Ziwa linageukaje? Na samaki wetu wako juu, wavu una kina cha mita tatu tu wakati pale pana mita tisa. Turudishe vizimba palepale?*

Poleni sana, mama, na uwafikishie pole wenzako wote.

Nianze na jirani, kwa sababu samaki wamekwisha kufa lakini ujirani bado unaweza kuokolewa. Mambo yanayomsafisha umeyaandika mwenyewe. Wakubwa walikufa, vifaranga wakapona. Sumu kwa kawaida huanza na wadogo, maana mwili mdogo hutoshwa na dozi ndogo. Kukosa hewa ndiko kunakoanza na wakubwa: wanahitaji oksijeni nyingi, na hawawezi kujibana kwenye ule utando mwembamba wa juu kabisa ambako kifaranga hupata cha kumtosha. Halafu ilikuwa alfajiri, saa ambayo oksijeni majini huwa chini kuliko saa zote, kwa kuwa mwani huitengeneza kwa mwanga wa jua, na usiku kucha kila kiumbe kilikuwa kinavuta bila kurudishiwa. Maji yalikuwa ya baridi, na hakuna dawa ya dukani inayopoza ghuba nzima. Harufu ya mayai viza nayo ni ya gesi inayotoka kwenye tope lisilo na hewa. Nikiwa mbali siwezi kuapa, lakini nikiweka hayo yote pamoja sioni mkono wa mtu.

Mngeniandikia siku ileile ningewauliza habari za kambale na kamongo. Hao hupanda juu kuvuta hewa yetu hii ya kawaida, kwa hiyo maji yakikosa oksijeni wao hudunda. Sumu haiwachagui. Ikitokea tena, mwangalie hilo kabla ya kumtaja mtu, na samaki wawili watatu walio mahututi wawekwe kwenye barafu wapelekwe kwa afisa uvuvi. Waliokwisha kufa wasiende sokoni hata kama bado wanang'aa.

Sasa, ziwa linageukaje. Neno lenyewe linapotosha kidogo. Mtu akilisikia anafikiria chapati kwenye kikaango, upande wa chini umekuwa juu. Ilivyo ni kwamba ukisimama ufukweni unaona ziwa moja, lakini sehemu kubwa ya mwaka, takriban Septemba hadi Mei, Ziwa Victoria ni maji ya aina mbili yaliyolaliana. Ya juu yana nyuzi joto 25 au 26, mengine zaidi mchana wa jua kali. Ya chini yako kwenye 24 au pungufu kidogo. Katikati kuna mkanda mwembamba ambamo joto linashuka ndani ya mita chache tu, nao huitwa termoklini. Ukizama ukaufikia, miguu yako inakuwa imeingia kwenye maji mengine wakati kifua bado kiko kwenye yale ya kwanza.

Najua unachowaza: nyuzi moja au mbili, hata kuoga hutofautishi. Kwa mkono, ndiyo. Kwa ziwa ni jambo kubwa, na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo. Chukua maji ya ujazo wa mita moja kila upande, yaani lita 1,000. Yakiwa na nyuzi 24 na yakiwa na 25, tofauti ya uzito ni kama gramu 250. Robo kilo, kile kipimo cha sukari unachomtuma mtoto dukani. Zidisha robo kilo hiyo kwa ghuba nzima, kisha fikiria upepo unaotaka kuyanyanyua maji hayo mazito ya chini uyachanganye na mepesi ya juu. Ni kazi ya kubeba mizigo.

Shuleni tulifundishwa kwamba maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa na nyuzi 4, na mwalimu akachora ziwa la Ulaya lenye barafu juu na samaki chini. Ni kweli, ila ni habari ya huko. Karibu na nyuzi 4, tofauti ya nyuzi moja inabadili uzito wa lita zile 1,000 kwa gramu 8 hivi, vijiko viwili vya chai vya sukari. Kwetu kwenye joto, nyuzi hiyohiyo moja ina nguvu mara thelathini. Ndiyo maana maziwa ya tropiki hugawanyika matabaka kwa tofauti ya joto ambayo mtu wa Ulaya angeipuuza.

Ukitaka kuiona kwa macho, fanya hivi jikoni. Jaza nusu glasi maji ya friji. Chemsha rozela kidogo ipate rangi nyekundu, usitie sukari kabisa, iache ipoe hadi iwe vuguvugu. Iteremshe polepole juu ya mgongo wa kijiko ili isitumbukie kwa kishindo. Utapata glasi yenye rangi mbili na mpaka katikati. Sasa pulizia juu kwa mdomo. Nyekundu itasogea na kujikusanya upande wa mbali, na upande wako ule mpaka utainuka. Ukiacha kupuliza, unarudi, unapita kiasi, unarudi tena, kama uji kwenye sufuria iliyobebwa kichwani. Kilichowapata samaki wenu ni hicho, kwa sehemu kubwa.

Lakini kwanza kwa nini maji ya chini yawe mabaya? Maji baridi yenyewe hayana ubaya, tena hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Tatizo ni kufungiwa. Oksijeni inaingia ziwani kwa juu, kutoka hewani na kutoka kwa mwani. Tabaka la juu likishalala juu ya la chini kama kifuniko, la chini linabaki na akiba liliyoingia nayo. Huko chini kila siku inanyesha mvua ya mabaki: mwani uliokufa, kinyesi cha samaki, na kwenye vizimba chakula kilichopita bila kuliwa. Bakteria wanayaozesha, na kuozesha kunakula oksijeni. Miezi ikipita akiba inaisha, na wanaobaki kazini ni wale bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao ndio wanaotoa gesi ile ya mayai viza. Gesi hiyo nayo ni sumu kwa samaki, kwa hiyo waliosema "sumu" hawakukosea kabisa. Walikosea mwenye chupa.

Hali hii imezidi ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mtafiti J. F. Talling alipopima Ziwa Victoria mwaka 1960 na 1961, maji ya chini yalikuwa na oksijeni kwa sehemu kubwa zaidi ya mwaka. Watafiti waliporudia vipimo miaka ya 1990 walikuta eneo lisilo na hewa limetanuka na linakaa muda mrefu zaidi. Mbolea na udongo kutoka mashambani, maji taka ya miji, moshi unaoangukia ziwani, vyote vinalisha mwani, na mwani ukifa unashuka. Maji ya kijani mnayoyaona kwenye ghuba ndiyo mwanzo wa maji meusi ya chini.

Kinachovunja matabaka ni kipupwe. Watu wengi hudhani Juni na Julai ziwa hupoa kwa kuwa jua limepungua, lakini huku karibu na ikweta jua halipungui kiasi hicho. Kazi hiyo hufanywa na upepo wa kusini mashariki, ambao miezi hiyo ni mkavu. Mnajua mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa: maji yanajipenyeza nje, yanakauka kwa upepo, na kukauka huko kunachukua joto. Ziwa ni mtungi wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Upepo mkavu ukipita juu yake wiki baada ya wiki, maji ya juu yanakauka, yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama. Tofauti ya nyuzi mbili inakuwa moja, inakuwa nusu, halafu hakuna tena kifuniko, na kwa kuwa Ziwa Victoria ni pana lakini si refu kwenda chini, mita 80 hivi pale penye kina kuliko pote, upepo unaweza kulikoroga mpaka sakafuni. Huko ndiko kugeuka. Kufikia Julai ziwa kubwa huwa limechanganyika vizuri, na oksijeni imefika chini.

Kwa hiyo msimu wenyewe wa ziwa kuchanganyika si adui. Hatari iko kwenye mlango wa kuingilia, Mei na Juni mwanzoni, wakati upepo umeanza kupata nguvu na maji ya chini bado yamefungiwa na hayana hewa.

Turudi kwenu sasa. Upepo wa siku mbili kutoka nchi kavu uliyasukuma maji ya juu yakaenda zake kaskazini. Pwani ya kusini, ambako mko ninyi, ndipo mahali ulipopulizia glasi: maji ya juu yanaondoka, mpaka wa ndani unainuka, na ya chini yanakuja kujaza nafasi. Juu ya ziwa huoni kitu, maana maji yakijikusanya upande wa pili yanapanda sentimita tu. Mpaka wa ndani, kwa sababu tofauti ya uzito kati ya matabaka ni ndogo mno, unaegemea kwa mita nyingi. Unapofika kwenye mita tatu zenu, samaki wa porini ameshahisi na amekwenda zake. Wenu walikuwa wamefungiwa ndani ya wavu, maji yakapanda kuwafuata.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1957 mtafiti wa Jinja, G. R. Fish, alichapisha maelezo ya jinsi mpaka wa ndani wa Ziwa Victoria unavyobembea huku na huku. Ndiyo, jina lake lilikuwa hilo, "samaki" kwa Kiingereza, na alifanya kazi ya samaki. Kubembea huko ndiko kunakofanya vifo vitokee wakati mwingine siku upepo umekwisha kutulia, watu wakashangaa mbona jana palikuwa na mawimbi na samaki wakapona.

Na jirani? Rasi. Upande wake uko wazi zaidi, maji yanapita na kubadilika. Ghuba yenu imefunikwa, na wavu ukiachwa mahali pamoja misimu miwili mitatu, chini yake kunajengeka tope la vyakula na vinyesi. Inawezekana sana kwamba maji yaliyopanda yalitoka ziwani yakiwa na hewa kidogo, yakapita juu ya tope lenu wenyewe yakamalizwa hapo. Naisema hii bila kulaumu. Karibu kila mfugaji wa vizimba ninayemjua alichagua mahali pake pa kwanza kwa kuangalia pasipokuwa na mawimbi, na pasipokuwa na mawimbi ndipo maji hayabadiliki.

Niruhusu nitoke kidogo Sengerema, maana mkisikia habari za Kigoma mtaliangalia jambo hili kwa jicho lingine. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, nalo halichanganyiki mpaka chini hata siku moja. Upande wa kaskazini oksijeni inaishia karibu mita 100, kusini karibu 200, na kutoka hapo hadi sakafuni hakuna samaki. Lakini huko chini kumejaa rutuba iliyozama kwa karne nyingi. Upepo wa kusi unapovuma Mei hadi Septemba, maji ya juu husukumwa kaskazini, na kule kusini kuelekea Mpulungu, upande wa Zambia, maji ya chini hupanda na rutuba yake. Mwani unakula, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa. Upepo ukikoma, mpaka wa ndani unaendelea kubembea, bembea moja ikichukua karibu mwezi mzima. Kitu kilekile kilichowaua sato wenu ndicho kinacholeta sahani ya dagaa Kigoma. Huko hofu yao ni kinyume cha yenu, kwamba ziwa linakorogeka kidogo mno. Daktari Mbelgiji Louis Stappers, ambaye jina la kitaalamu la mgebuka limetokana naye, alifanya utafiti kwenye ziwa hilo miaka ya 1912 na 1913. Ukilinganisha vipimo vya enzi hiyo na vya baadaye, ziwa limepata joto, tabaka la juu zaidi kuliko la chini, na kifuniko kimezidi kuwa kigumu. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Ni kiasi gani cha upungufu wa dagaa kinatokana na hilo na kiasi gani na nyavu zetu, wataalamu bado wanabishana, na mimi nadhani vyote viwili vina fungu lake.

Kuna msomaji atauliza mbona Ziwa Kivu chini ni moto kuliko juu na bado haligeuki. Kumbuka nilivyokukataza sukari kwenye rozela. Sukari ingeifanya iwe nzito izame hata ikiwa ya moto. Kivu chini kuna chumvi na kaboni dioksidi nyingi zilizoyeyuka, ndizo sukari yake, na zinalishikilia tabaka la chini pamoja na gesi ya methani ambayo Rwanda wanaivuna kwa ajili ya umeme. Victoria haina mzigo huo. Kwenu ni joto tu, na joto mnaweza kulipima wenyewe.

Mnahitaji chupa ya kioo, jiwe, kamba, kizibo na kipimajoto cha maabara. Kile cha hospitali hakifai, kinaanzia nyuzi 35. Kamba ipigeni fundo kila mita moja. Jiwe lifungwe kitakoni mwa chupa, kizibo kifungwe kwenye uzi wake na kikazwe kiasi tu, maana chini maji yanakibana. Teremsha chupa hadi fundo la kwanza, vuta uzi, kizibo kitoke, subiri mapovu yaishe, pandisha haraka, tumbukiza kipimajoto palepale kabla jua halijaigusa. Rudia fundo la tatu, la sita, la nane. Fanyeni alfajiri kabla ya kulisha, mkiandika kwenye daftari pamoja na upepo umetokea wapi. Na kila chupa ikifika juu inuseni, pua ni kipimo kizuri tu.

Namba zikiwa sawa juu hadi chini alfajiri, ghuba imechanganyika usiku na hofu ni ndogo. Tofauti ikifika nyuzi moja ikakaa siku kadhaa za utulivu, jueni kifuniko kimejifunga na chini hewa inaisha. Hapo upepo ukianza kutoka mgongoni mwenu, au maji ya fundo la kwanza yakianza kupoa asubuhi hadi asubuhi, acheni kulisha. Samaki aliyeshiba anatumia oksijeni nyingi zaidi kusaga chakula, na siku moja mbili za njaa hazimdhuru. Kama mnaweza kuvuna wale wakubwa siku hiyo, vuneni, hata bei isipokuwa nzuri.

Kipimo cha oksijeni ni bora kuliko kipimajoto lakini ni ghali. Mimi ningekinunua kwa kuchangiana na wafugaji wote wa eneo hilo, na wa kwanza kumgongea mlango angekuwa huyo jirani. Mkikipata: miligramu 5 kwa lita kwenda juu sato yuko vizuri, chini ya 3 msilishe, chini ya 2 mko kwenye dharura.

Na palepale msirudi. Mita sita chini ya wavu si mbaya, ila mita hizo hazisaidii kwenye maji yaliyosimama. Ombeni mahali ng'ambo ya rasi kwa utaratibu wa ofisi ya uvuvi, mawimbi yake mtayazoea kwa kamba na nanga nzuri. Mahali pa zamani pakae bila kizimba msimu mmoja angalau, tope lipumue. Pandikizeni samaki wachache kwa kila kizimba kuliko mwanzo. Jambo la mwisho ni kalenda, na hili halina gharama: pandikizeni Agosti au Septemba, ziwa likiwa limetoka kuchanganyika, mhesabu miezi saba au minane, ili ikifika Mei vizimba viwe na vifaranga au viwe vitupu. Wale waliopona waacheni walipo kwa sasa, wametikiswa vya kutosha. Wapeni chakula kidogo mchana jua likiwa juu, si alfajiri, na muwahamishe Julai.